Wasomaji Wanauliza: Chembe Nyeupe kwa Samaki wa Tangini

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, assalaamu alaykum. Katika nyumba yangu ya wageni nina tangi la kioo la maji ya bahari, lenye matumbawe hai, kamba na samaki wa mwambani, wakiwamo kitatange na kangaja. Mwezi uliopita kangaja alitokwa na chembe nyeupe mapezini, mfano wa punje za chumvi. Baada ya siku chache zilitoweka, nikashukuru. Sasa zimerudi kwa samaki wote, tena kwa wingi zaidi, na kangaja anajisugua kwenye mawe huku akihema kwa kasi. Jirani amenishauri nitie mrututu tangini. Je, nimfuate?
Msomaji, Jambiani

JIBU: Waalaykumu ssalaam. Mrututu, yaani chumvi ya shaba yenye rangi ya buluu, ni dawa ya maradhi hayo, lakini usiutie ndani ya tangi hilo, kwa sababu shaba iliyomo itaua kamba na matumbawe kabla ya kumfaa kangaja.

Kwa dalili ulizozieleza, samaki wako wameingiliwa na kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans. Kimelea hiki hujichimbia chini ya ngozi na katika matamvua, kikala humo kwa siku tatu hadi saba, kisha hujiachia, hushuka mchangani au kwenye mawe na kujijengea ganda. Ndani ya ganda hujigawa mara nyingi, na baada ya siku kadhaa au wiki kadhaa hutoka vimelea vichanga vinavyoogelea, ambavyo visipompata samaki ndani ya siku moja au mbili hufa. Kwa hiyo chembe zilipotoweka, kangaja hakuwa amepona. Vimelea vilikuwa chini vinazaliana. Shaba haivifikii vilivyo ngozini wala vilivyo gandani. Huviua vile vinavyoogelea tu, na ndiyo maana matibabu huchukua wiki nyingi.

Wahamishe samaki wote, hata wanaoonekana wazima, uwatie katika chombo kingine chenye pampu ya hewa na vipande vya mabomba ya plastiki vya kujificha. Usiweke mchanga wala mawe ya pwani, kwani mchanga wetu ni wa matumbawe nao hunyonya shaba. Kipimo kinachotakiwa ni miligramu 0.15 hadi 0.20 za shaba katika kila lita ya maji. Kwa lita 100 hiyo ni takriban miligramu 80 za mrututu, kiasi ambacho mizani ya dukani haiwezi kukipima. Yeyusha gramu 8 za mrututu safi katika lita moja ya maji matamu; mililita 10 za mchanganyiko huo zinatosha lita 100. Anza kwa nusu yake, pima, kisha ongeza siku inayofuata. Endelea kupima kila siku kwa muda usiopungua wiki tatu, maana ikipungua haifanyi kazi na ikizidi huua samaki. Asiye na kifaa cha kupimia shaba, kwa maoni yangu, asiiguse kabisa.

Njia iliyo salama zaidi kwako ni kupunguza chumvi. Maji ya bahari yetu yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Yashushe kidogo kidogo kwa siku mbili au tatu hadi gramu 15 au 16, uyaache hivyo kwa wiki tatu hadi nne baada ya chembe ya mwisho kuonekana, kisha uyapandishe taratibu zaidi. Tumia hidromita, kifaa cha kupimia chumvi ya maji, wala usiamini ulimi. Maji ya kisima cha pwani nayo yapimwe kwanza, kwani mara nyingi yana chumvi yake. Badilisha sehemu ya maji mara kwa mara, kwa kuwa chombo kipya hakina uwezo wa kusafisha uchafu wa samaki.

Tangi kubwa libaki bila samaki hata mmoja kwa wiki sita au zaidi. Kamba na matumbawe hawana shida, kwani kimelea hiki hakiishi kwao.

Ukiona vumbi laini kama unga badala ya punje, na samaki wakifa ndani ya siku chache, hayo ni maradhi mengine, ya Amyloodinium ocellatum, ambayo maji ya chumvi kidogo hayayatibu. Hapo shaba haina budi.

SWALI: Mbona wavuvi wetu hawaoni chembe hizo kwa samaki wanaowavua?
Msomaji, Wete

JIBU: Kimelea hicho kimo baharini pia, ila huko ganda huangukia mbali na samaki aliyekibeba, na vichanga vingi hufa bila kupata pa kuingia. Tangini, ganda moja huweza kutoa vichanga zaidi ya 100, na vyote huwakuta samaki wale wale usiku na mchana. Ndiyo sababu samaki mgeni, hata akiwa mzima machoni, atengwe kwa mwezi mmoja kabla ya kuchanganywa na wenzake.