Spika za inchi 8 katika chumba kidogo

SWALI: Ninachanganya muziki chumbani kwangu Sinza, chumba cha mita 3 kwa 3, nikiwa nimeketi katikati. Nyimbo zangu zikipigwa kwenye daladala, besi humeza sauti ya mwimbaji. Je, niache spika zangu za inchi 5, ninunue za inchi 8?

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usinunue. Kuta zilizoachana kwa mita 3 hukuza mawimbi ya besi ya takriban hezi 57 (yaani mitetemo 57 kwa sekunde), na kwa kuwa chumba chako ni mraba, jozi zote mbili za kuta huikuza noti hiyohiyo. Lakini pale katikati ulipoketi noti hiyo karibu hutoweka, nawe, kwa kutoisikia, unaiongeza, kisha abiria wa daladala ndio wanaoipokea yote. Spika kubwa zaidi hazitaondoa shimo hilo. Sogeza kiti hadi masikio yawe kama mita 1.1 kutoka ukuta wa mbele, spika mbili na kichwa chako zifanye pembetatu yenye pande sawa, na kwenye kona za chumba usimamishe magodoro mazito, kwani pazia jepesi halizuii besi hata kidogo. Hata spika za inchi 5 kama Yamaha HS5, ambazo hushuka hadi hezi 54, zingekutosha kabisa humo.