Kiburi hula mema: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Mama yako hajambo, ila goti linamsumbua majira haya ya mvua. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, kisha nikaketi nikaisoma tena taratibu. Swali lako ni moja: "Baba, wewe unanijua tangu nikiwa mchanga. Je, ni kweli nina kiburi?" Na umenieleza lilikotoka. Wewe ni mweka hazina wa kwaya, fedha za sare hazikutimia, ukamdai mwalimu wa kwaya risiti mbele ya wanakwaya wote. Naye akakujibu mbele ya hao hao kwamba shida yako si hesabu, ni kiburi. Tangu siku hiyo hulali vizuri.

Jibu la neno moja ninalo. Lakini nikikuandikia "ndiyo" utavunjika moyo, na nikikuandikia "hapana" utaichukua barua hii ukamsomee yule mzee, mwalimu wa kwaya. Acha basi nianze na jambo ambalo hukuniuliza.

Nyumbani kwetu tumelelewa na neno la babu yako, nawe umelisikia mpaka likakuchosha: kiburi hula mema. Dhambi nyingine hujilisha kwa mabaya yetu, ulevi kwa chupa, wizi kwa tamaa. Kiburi hakina haja na hayo. Kinangoja mtu afunge, asali, atoe zaka, atunze fedha za kwaya bila kugusa hata senti, ndipo kije kula. Nilipokuwa chuo cha Biblia nikakuta kwamba Augustino, askofu wa Hipo kule Afrika ya Kaskazini, aliwaonya jambo hilo hilo watu walioishi pamoja naye katika utawa, zaidi ya miaka 1600 iliyopita: kwamba maovu mengine hutuchochea tutende mabaya, bali kiburi huyavizia hata matendo mema ili yaangamie. Babu yako hakuwahi kumsoma Augustino. Yeye alilipata kwa njia nyingine, na sidhani kama uliwahi kuelezwa yote.

Kabla ya hapo, soma tena 2 Nyakati 26. Uzia alitawazwa akiwa na umri wa miaka 16, akatawala Yerusalemu miaka 52. Alijenga minara, akachimba visima, akawa na mifugo mingi na watu wa kutunza mizabibu, kwa maana alipenda kilimo. Mfalme mpenda kilimo! Watu wa kwetu tungempenda sana. Na hakuangushwa na mwanamke wala divai. Aliangukia hekaluni, ameshika chetezo, akitaka kumfukizia Bwana uvumba ambao haikuwa kazi yake kuufukiza. Kuhani Azaria akaingia nyuma yake na makuhani 80, wakamwambia atoke. Angetoka saa ile, naamini mambo yangeishia pale. Lakini alikasirika, na ukoma ukamtokea katika paji la uso, chetezo kikiwa bado mkononi. Kila nikifika hapo najiuliza lipi lilimponza zaidi, ule uvumba au ile hasira. Mimi nasema hasira. Kuingia mahali pasipo pako, hilo hata asiye na kiburi anaweza kulifanya kwa kutojua. Kuambiwa "toka" ndiko kunakokitoa nje kilichomo moyoni.

Sasa babu yako. Aliokoka katika Uamsho, ule mwamko wa toba makanisani uliotoka Gahini, Rwanda, ukapitia Uganda ukaingia kwetu Bukoba mwishoni mwa miaka ya 1930. Habari aliyoipenda kuliko zote ni ya Yosiya Kinuka, mtumishi wa hospitali ya Gahini, aliyekwenda Kampala kwa Simeoni Nsibambi akiwa amebeba malalamiko yake juu ya hospitali, na Nsibambi badala ya kuyapokea akamrudisha kwenye moyo wake mwenyewe. Kinuka akarudi Gahini mtu mwingine. Babu akifika hapo alikuwa anajigonga kifuani kwa kidole kimoja, haongezi neno.

Hiyo ilikuwa habari yake. Ya mkungu wa ndizi nitaisimulia mimi, maana nilikuwepo.

Sikukuu ya mavuno kanisani mwaka 1969 iliangukia msimu wa senene. Baada ya ibada sadaka zilipangwa nje juu ya majani ya mgomba: debe za maharage, kuku waliofungwa miguu, mayai ndani ya kikapu, kahawa kavu, mikungu ya ndizi mmoja mmoja. Mnada ukaanza. Kila mwaka mkungu wa kwanza ulikuwa wa babu yako. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo, ila mwinjilisti alipouinua tu, babu alitaja bei nzuri, watu wakafurahi, mnada ukaendelea. Alikuwa mzee wa kanisa, na watoto walijifunza utoaji kwa kumtazama yeye.

Mwaka ule alikuwepo kijana aliyetoka kazini Uganda, amevaa shati jeupe, ana fedha. Babu akasema shilingi 10. Kijana akasema 15. Babu akasema 20, akicheka bado. Kijana akasema 30. Kufika hapo mkungu wowote ungekuwa umekwisha kuuzwa, lakini watu walikwisha kunogewa, na mwinjilisti naye akawa anawageukia huyu na huyu. Nilisimama karibu kabisa na babu yako, mabega yangu usawa wa mfuko wake wa koti. Niliuona mkono wake wa kulia ukiingia mfukoni kabla ya kila bei, ukipapasa, ukitoka mtupu. Uliingia na kutoka hivyo mpaka aliposema shilingi 100. Kijana akainamisha kichwa kwa heshima, akakubali kushindwa. Vigelegele vikapigwa, nyimbo zikaimbwa. Nilisaidia kuubeba mkungu kwenda nyumbani na utomvu ukaniharibia shati. Ulikuwa mkungu wa kawaida tu.

Fedha zile mfukoni zilikuwa za shangazi yako. Alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari ng'ambo ya ziwa, na siku zile binti kuchaguliwa ilikuwa habari ya kijiji kizima. Nauli ya meli, sare, blanketi, sanduku la bati, vyote vilikuwa katika zile shilingi, zilizowekwa tangu chama cha ushirika kilipolipa kahawa. Babu alikuwa nazo kwa sababu Jumatatu ndiyo angekwenda mjini kununua. Januari meli ya Victoria iliondoka Bukoba bila shangazi yako. Fedha zilipopatikana tena, shule ikajibu kwamba nafasi yake amekwisha kupewa mwingine.

Na hapo, mwanangu, ndipo neno la babu linapouma. Fedha hazikwenda kilabuni. Zilikwenda kwa Mungu. Ziliingia katika mabati ya kanisa, haya haya tunayosali chini yake, na shangazi yako husali chini yake kila Jumapili. Kiburi kilikula sadaka, kikala na elimu ya mtoto, na mchana wote ule hakuna aliyeona kitu ila mtu mkarimu akimtolea Bwana.

Babu alitubu. Barua ile ya shule ilipofika, Jumapili iliyofuata alisimama katika ushirika wa ndugu wa Uamsho, akaeleza yote bila kujificha: mkungu, kijana, mfuko, binti. Akamwomba yule kijana msamaha, akamwomba shangazi yako msamaha mbele ya watu, yeye mzee kwa mtoto wake. Ndugu wakasimama wakaimba Tukutendereza, ule wimbo wa Kiganda wa Uamsho, wakamkumbatia. Wengine walilia. Shangazi yako alikuwa ameketi pembeni yangu. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Umeona? Wamempigia makofi tena."

Neno hilo limekaa nami tangu utoto. Kuna siku namwona shangazi yako ana haki kabisa: kama kiburi hula mema, toba nayo ni jema, nayo inalika. Nimekwisha kuwasikia watu wakishuhudia dhambi zao kwa namna ambayo unabaki unamstaajabia msemaji, humkumbuki Mwokozi. Siku nyingine nasema hapana, angefanyaje? Kosa lilifanyika mbele ya watu, akalitubu mbele ya watu. Angetubu chumbani angeitwa mwoga. Na kweli alilia, nilimwona. Lakini hata machozi, nani anayajua mizizi yake isipokuwa Mungu?

Ninachokijua kwa hakika ni cha baadaye, na hiki sijawahi kukuambia. Tangu mwaka uliofuata, siku ya mavuno babu hakusogea tena mbele. Alikaa nyuma kabisa, upande wa akina mama wenye watoto wachanga. Mnada ulipokwisha na watu kuanza kutawanyika, alikuwa anamfuata mwinjilisti na kumwuliza nini kimebaki. Daima kilibaki kitu: viazi vitamu vilivyoanza kuingiwa na wadudu, kikapu kilichochanika, kuku mgonjwa ambaye aliyemleta aliona haya kumrudisha nyumbani. Babu alivinunua vile kwa bei ya vitu vizima, ili mjane aliyevileta asione sadaka yake imekataliwa. Mimi ndiye niliyebeba. Tulipofika kwenye kona ya mibuni alinishika bega, akaniambia, "Haya ni yetu sisi na Bwana. Usimwambie mtu." Alifanya hivyo kila mwaka mpaka nguvu zilipomwishia.

Paulo anasema katika Wafilipi 2 kwamba Kristo "alijifanya kuwa hana utukufu, akatwaa namna ya mtumwa." Nimelihubiri andiko hilo mara nyingi, na kila mara nilichokiona mbele yangu ni vile viazi.

Turudi kwako. Kudai risiti si kiburi, asikudanganye mtu. Fedha ya kanisa ina wenyewe, na wengi wao ni maskini. Paulo alimpinga Petro uso kwa uso kule Antiokia, na Musa aliyekuwa mpole kuliko watu wote alizivunja zile mbao chini ya mlima. Wapo wanaohubiri unyenyekevu ili wasiulizwe maswali, na wewe usiwatii. Hapo niko upande wako kabisa, na kama barua yako ingeishia hapo, lile neno moja ningekwisha kukuandikia.

Lakini haikuishia hapo. Umeniandikia ukurasa mzima wa hesabu, safi, kila tarakimu mahali pake, nikajivunia. Kisha chini kabisa, katika mistari miwili, umeandika kwamba yule mzee alituma watu wawili kwako jioni, nawe ukawajibu mlangoni kwamba huna la kuzungumza mpaka risiti zipatikane. Hukuwakaribisha ndani. Watu wazima, usiku, mlangoni! Nimekaa na mistari hiyo miwili kuliko ule ukurasa. Nikamkumbuka Petro, Bwana alipotaka kumwosha miguu, akimwambia, "Wewe hutanitawadha miguu kamwe." Lilisikika kama neno la heshima, na Bwana hakulikubali.

Najua utanijibu kwamba walikuja kukulainisha tu. Inawezekana. Huyo mzee anaweza kuwa mwizi, na anaweza kuwa mzee asiyejua kutunza karatasi, na mambo haya mawili hayatofautishwi ukiwa umesimama mlangoni. Kiburi hula mema, mwanangu, na wema wako mkubwa tangu utoto ni uaminifu. Ukiwa na miaka saba ulirudisha dukani chenji uliyozidishiwa, ukanililia njia nzima kwa kuwa mwenye duka hakukushukuru. Mama yako anasema nisiliandike hilo. Nimeliandika. Zaidi ya hapo sitasema, ingawa kalamu inataka.

Nenda kwake nyumbani, kabla ya kikao cha wazee. Daftari lichukue, maana ukweli wa hesabu haubadiliki kwa sababu mtu kakutukana. Lakini mkalie kwanza, umjulie hali, unywe chai yake. Kama ulimwaibisha mbele ya watoto wanaomwita mwalimu, hilo una la kulisema hata kama fedha amezila. Akikuambia tena una kiburi, usijitetee siku hiyo. Sikiliza tu moyo wako utafanya nini.

Shangazi yako anakuja kwako mwezi ujao kwa ajili ya macho yake. Habari ya viazi haijui. Babu alinikataza, nami nimelishika neno lake hata baada ya kumzika. Nikimwambia, nitakuwa namtetea babu kwa kitu alichokiweka siri kati yake na Mungu, na huenda ndiyo sadaka pekee aliyoitoa ambayo haikuliwa. Nisipomwambia, dada yangu atakwenda kaburini akiamini baba yake alipenda makofi mpaka mwisho. Nimelizungusha jambo hili miaka mingi na bado naliona pande zote mbili. Wewe utakaa naye, utamhudumia, atakusimulia mkungu kwa namna yake. Ukiona inafaa, mwambie.

Kisha niandikie umeamua nini, na yule mzee amekupokeaje. Mama yako anakusalimu sana, anauliza kama kahawa tuliyompa dereva wa basi ilifika.

Ni mimi baba yako.