Arifa ikigoma kuondoka, usikimbilie kuipiga kompyuta upya

Wadogo zangu mnaofanya mafunzo kwa vitendo hapa Kigoma, juzi nimemkuta mwenzenu kule mtaa wa Mwanga ameshachomeka flashi aipige kompyuta ya watu upya, yaani aifute na kuweka mfumo mpya, kisa arifa, kile kijisanduku cha ujumbe, imeng'ang'ania kwenye kona ya skrini. Nilimwambia atoe mkono kwenye kibodi. Kila mwaka ni kosa lilelile.

1. Jua kwanza nani anaichora hiyo arifa. Programu inatuma tu. Dimoni, programu inayokaa nyuma ya pazia muda wote, ndiyo inayoonyesha na kufuta. Kwenye Linux, GNOME (eneokazi mojawapo) haifuati muda uliouandika, usikeshe na skripti (faili la amri) bure. Xfce (eneokazi jingine) na dunst (dimoni ya arifa) zinaufuata.

2. Muda unahesabiwa kwa milisekunde: 5000 ndiyo sekunde 5. Hapa ndipo nilipoumia. Nilikuwa nimeweka Xubuntu, yaani Linux yenye Xfce, kwenye ghala moja la dagaa Kibirizi, na skripti ya kumjulisha dada wa ghala kila oda ikiingia. Kwenye notify-send, amri ya kutuma arifa, muda nikauandika -t 5. Dada akasema haoni kitu, kumbe inawaka na kuzimika hapohapo. Nikaweka 0, nikiamini nimeirudishia muda wake wa kawaida. Muda wa kawaida ni -1. 0 maana yake isiondoke kabisa! Hadi alasiri arifa zilikuwa zimefunika nusu ya skrini na dada anashindwa kuandika risiti. Sikusoma hata mstari mmoja wa maelekezo. Nikasema mashine mbovu, usiku ule nikaipiga upya, na folda ya oda sikuihamisha. Wiki mbili za hesabu zikapotea. Asubuhi nikarudisha skripti yangu kutoka kwenye flashi, na 0 yake ndani, arifa zikajipanga vilevile kama jana. Dada hakunigombeza. Alifungua daftari lake, tukakaa siku nzima tukiwapigia wenye magunia mmoja mmoja: ulileta mangapi, umelipwa mangapi. Sauti yake akiomba radhi kwa kosa langu bado naisikia.

3. Tazama uzito wa arifa, ule unaoandikwa kwa -u. Arifa ya "critical" (ya dharura) hukaa mpaka mtu aifunge. Hiyo haijaganda, imetii. Ya kivinjari, mwandishi wa tovuti huenda ameweka requireInteraction, inayoibakiza arifa mpaka mtu aiguse. Kwenye dunst angalia idle_threshold: mtumiaji akiwa hajagusa mashine, arifa zinamsubiri. Windows ina mpangilio wake wa muda chini ya Accessibility, kuanzia sekunde 5 hadi dakika 5.

4. Jaribu hivi: notify-send -u normal -t 5000 "jaribio". Ikiondoka yenyewe, dimoni ni nzima, kamtafute aliyetuma.

Yule kijana wa Mwanga alilijaribu nikiwa nimesimama nyuma yake. Tukahesabu wote: moja, mbili, tatu, nne, tano. Ikaondoka. Akachomoa flashi, akafungua skripti ya watu, na mstari wa tatu tukaikuta: -t 0.