Maswali na Majibu: Mbwa Amezaa, Nani Amsogelee?

SWALI: Mbwa wetu jike wa ulinzi amezaa watoto saba, leo siku ya nne. Amezalia stoo, nyuma ya magunia ya mahindi. Nikikaribia ananguruma, na jana alimrarua kijana wa kazi suruali. Jirani anasema nisiwaguse watoto kabisa, eti mama akisikia harufu ya mtu atawakataa au atawala. Nifanyeje? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Kwenye harufu jirani amekosea, kwenye hatari hajakosea. Mbwa aliyekuzoea hawakatai watoto kwa kuwa umewashika. Harufu yako anaijua siku zote. Kinachomfanya awakanyage, awahamishe usiku au hata awale ni hofu: watu wanaochungulia, tochi usoni, mbwa mwingine kupita mlangoni. Kwa hiyo kwa wiki tatu za kwanza aingie mtu mmoja tu, yule anayemlisha. Kijana wa kazi abaki nje. Kama meno yalifika kwenye ngozi yake, hata kwa mkwaruzo, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali akaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa.

Ukifika mlangoni ongea naye kwanza kwa sauti yako ya kila siku, umtupie kipande cha nyama. Akinguruma bado anakuonya. Aliyeganda ghafla, mdomo kaufumba, weupe wa jicho unaonekana pembeni, huyo kamaliza kuonya. Rudi nyuma taratibu bila kumpa mgongo. Na usimpige kwa kunguruma, maana mbwa aliyefundishwa kunyamaza huuma bila taarifa.

Watoto wakaguliwe mama akiwa nje. Subiri atoke kujisaidia, au mwite kwa chakula umfunge kamba, mwenzako amtembeze dakika kumi na mlango ufungwe. Usimburute kutoka kwenye tandiko. Nawa kwa sabuni isiyo na manukato, sugua mikono ipate joto, pitisha viganja kwenye tandiko lao. Keti sakafuni kabisa, ili anayeponyoka asianguke kutoka juu. Kiganja kimoja kiwe chini ya kifua, kingine chini ya matako. Usimnyanyue kwa ngozi ya shingo wala kwa mguu. Dakika moja kwa kila mtoto inatosha: kitovu kiwe kikavu bila usaha, kaakaa lisiwe na ufa, kisha mpime.

Mzani wa jikoni unaosoma gramu ndio kifaa cha maana kuliko vyote. Pima kila siku saa ileile. Siku ya kwanza mtoto anaweza kupungua kidogo. Baada ya hapo aongezeke kila siku, na kufikia siku ya 10 hivi uzito wa kuzaliwa uwe umekaribia kuongezeka maradufu. Aliyezaliwa na gramu 400 akaribie 800. Asiyeongezeka siku mbili mfululizo apelekwe kwa daktari wa mifugo. Kama wanafanana, mpunguze kila mmoja manyoya kidogo mahali tofauti: bega la kulia, paja la kushoto, na kuendelea. Uzi shingoni hukaba.

Kwa kawaida tungesema usimhamishe. Ila magunia yanatutia wasiwasi. Kama mahindi yamewekwa vidonge vya kufukizia au dawa ya unga, au kuna sumu ya panya humo, wahame leo. Andaa kwanza mahali pakavu, penye giza kiasi, pasipopitiwa na upepo wala siafu. Weka watoto wote kwenye kapu pamoja na tandiko lao lilelile, mama akiona, naye afuate kapu akiwa kwenye kamba. Huko kupya, funga mbao kuzunguka kuta, sentimita 10 kutoka ukutani na 10 kutoka sakafuni. Mama akijilaza, mtoto aliyebaki nyuma ya mgongo wake hapondwi.

SWALI: Mmoja kati ya watano anasukumwa pembeni, ni wa baridi na hanyonyi. Tunampa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, yanatokea puani. (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Acheni maziwa kwanza. Wiki ya kwanza mtoto wa mbwa hawezi hata kutetemeka ili apate joto. Mwili wake huwa na nyuzi 35 hadi 37 za Selsiasi. Akishuka chini ya 35 utumbo unalala na maziwa yanakaa tumboni bila kusagwa. Mpasheni polepole, saa moja hadi tatu: kifuani ndani ya shati, au juu ya chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa taulo, mkimgeuza mara kwa mara. Msiwashe jiko la mkaa chumbani. Mama wengi humsukuma mtoto aliyepoa kana kwamba amekufa, wakampokea akishapata moto.

Akianza kunyonya kidole, mwekeni kwenye chuchu za nyuma, ambazo kwa kawaida zina maziwa mengi, na wanene wawekwe kando dakika 20. Maziwa kutokea puani huenda ni kwa sababu alishikwa chali, au kijiko kilimwagwa haraka kuliko anavyomeza; au pengine kaakaa lake lina ufa. Vyovyote vile, mapafu yasikilizwe na daktari. Akihitaji chupa, alale kifudifudi, kichwa mbele, maziwa ya unga ya watoto wa mbwa yachanganywe kama paketi inavyosema. Ya ng'ombe yana mafuta na protini pungufu kwake, na huharisha. Mama asipomlamba, baada ya kila mlo mfute sehemu za haja kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu. Hadi wiki ya tatu hivi hawezi kukojoa bila kuguswa hapo.

SWALI: Wanangu wa miaka mitano na minane waanze lini kuwashika watoto wa mbwa? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Wiki ya tatu ikiisha. Macho yatakuwa yamefunguka (siku ya 10 hadi 14) na masikio yanasikia. Wanao wakae sakafuni, mama mbwa akiwa nje, dakika tano, bila kubusu. Kisha sabuni mikononi. Minyoo ya mama mbwa huwafikia watoto wake tumboni na kwa maziwa, kwa hiyo dawa yao ni wiki ya 2, 4, 6 na 8, na mama anywe pamoja nao.

SWALI: Mbwa wangu mdogo ana watoto wa wiki tatu. Tangu asubuhi anahema, anatetemeka na miguu imekakamaa. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kalsiamu ya damu imeshuka kwa sababu ya kunyonyesha. Usisubiri kesho, hii huua kwa saa chache. Watenge watoto wasinyonye, mpeleke kliniki sasa achomwe kalsiamu ya mshipa taratibu, moyo ukisikilizwa. Usimtilie kitu mdomoni akiwa amekakamaa.