Karipio ambalo hakuna aliyelisoma

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, kanisa lina haki ya kumwadhibu mchungaji aliyefungisha ndoa ya watu wa jinsia moja?" Najua wengi watakuwa wameshajibu kabla ya kufika kwenye alama ya kuuliza. Mimi nilikuwa karani wa wazee katika parokia moja ya Kipresbiteri huku milimani kwa miaka 12, na ukishashika daftari la kumbukumbu muda wote huo, kitu cha kwanza unachotaka kujua si kama mtu ana hatia. Unataka kujua shtaka limeandikwaje.

Haki ipo, hilo sibishani nalo. Mchungaji wetu akiwekewa mikono anaapa mbele ya presbitari, yaani baraza la wachungaji na wazee wa parokia za eneo moja, kwamba atafuata utaratibu wa kanisa, na sisi hatuna askofu wa kumwita faragha akamaliza mambo. Wanaomhukumu ni wenzake, wachungaji na wazee, wakikaa kama mahakama. Na niseme mapema ili msinitafute baadaye: mimi bado naamini ndoa ni ya mume na mke. Hapa Kenya ibara ya 45 ya katiba inazungumzia haki ya kuoa mtu wa jinsia tofauti, kwa hiyo jambo lenyewe halijawahi kufika mezani kwetu. Kwa wenzetu wa Presbyterian Church (USA), kule Marekani, limefika na kukaa miaka, na kesi ya mchungaji Jane Spahr wa California ingefaa isomwe na kila karani.

Mama huyu alifungisha ndoa za jozi mbili za wanawake, akashtakiwa katika presbitari yake, Redwoods, kaskazini mwa San Francisco. Mwaka 2006 akaachiliwa kwa kura 6 kwa 1. Rufaa ikapanda hadi sinodi, ngazi iliyo juu ya presbitari, nayo mwaka 2007 ikamwona ana hatia. Akakata rufaa yeye, na Aprili 2008 mahakama ya juu kabisa ya kanisa ikamwachilia tena. Sasa sikilizeni sababu. Kitabu chao cha utaratibu wa kanisa kilisema ndoa ni kati ya mwanamume na mwanamke. Basi alichofungisha hakikuwa ndoa. Na kama hakikuwa ndoa, hawezi kupatikana na hatia ya kufungisha ndoa.

Nilipoisoma hukumu hiyo nilicheka, nikamsimulia mama watoto. Yeye hakucheka. Alisema, "Kama yule msichana wa kwaya."

Alikuwa na haki ya kunikumbusha. Miaka ya tisini kikao chetu kilimtenga msichana mmoja asishiriki Meza ya Bwana wala kuimba, kwa sababu alikuwa mjamzito. Wazee hawakutaka neno "mimba" liingie daftarini, maana likiingia lazima mtu aulize ni ya nani, na mle ndani kulikuwa na baba mmoja aliyekuwa anatazama sakafu kuliko kawaida. "Karani, andika utovu wa nidhamu, inatosha." Nikaandika. Msichana alikuwa amesimama karibu na mlango na joho la kwaya amelikunja ndani ya mfuko wa plastiki, tayari kulirudisha. Hakumuuliza mwenyekiti, aliniuliza mimi niliyeshika kalamu: "Mzee, nidhamu gani?" Nilirudisha macho kwenye daftari.

Turudi California. Mahakama ileile iliyomwachilia Spahr iliwaonya wachungaji wasiseme wala kudokeza tena kwamba sherehe ya namna hiyo ni ndoa. Tangu mwaka 2000 ilikuwa imeshakubali ibada za kubariki jozi hizo, mradi zisichanganywe na ndoa. Kwa hiyo mnaweza kuomba, kusoma zaburi, kulia na kukumbatiana, ila neno moja lisitamkwe. Kosa likawa la ulimi.

Halafu serikali ikaingia. Kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Novemba 2008, kabla wapiga kura hawajafunga mlango, sheria ya California iliruhusu ndoa hizo. Spahr, ambaye sasa alikuwa amestaafu, akafungisha nyingine kadhaa, safari hii kwa vyeti halali. Hapo ile hila ya "haikuwa ndoa" ikakosa pa kusimama. Agosti 2010, mjini Napa, mahakama ya presbitari ikampata na hatia kwa kura 4 kwa 2, ambayo ndiyo theluthi mbili inayotakiwa, bila hata kura moja ya ziada. Adhabu ikawa karipio, iliyo ndogo kuliko zote nne walizonazo. Na katika hukumu hiyohiyo wakamshukuru kwa huduma yake na kuwaomba radhi wale waliofunga ndoa.

Wapo walioona hapo ni kichekesho kingine. Mimi sioni hivyo. Watu hawa walisema wazi kwamba sheria imewafunga mikono na kwamba hawaipendi. Nawaheshimu kuliko wale wa 2008 waliotafuta pa kupenyea.

Karipio lenyewe ni maneno tu. Hakuna faini, hakuna kuvuliwa uchungaji. Mtu anatajwa kwa jina, kosa lake linatajwa, anaambiwa awe mwangalifu zaidi, kisha anaombewa. Kwa maneno hayo machache kanisa lilitumia miaka na miaka ya vikao. Februari 2012 mahakama ya juu ikalithibitisha. Mwezi Mei presbitari ya Redwoods ikakutana, na ilipofika zamu ya jambo hilo wajumbe wakapiga kura kulipinga: 74 kwa 18. Nimekaa kwenye vikao vingi, sijawahi kuona mahakama ya juu ikithibitisha adhabu halafu pakakosekana mdomo wa kuitamka.

Miaka miwili baadaye Mkutano Mkuu wao uliokaa Detroit uliwaruhusu wachungaji kufungisha ndoa hizo pale sheria ya jimbo inaporuhusu, na Machi 2015 zaidi ya nusu ya presbitari 171 zikawa zimekubali kubadili kitabu: ndoa ni ya watu wawili, "kwa desturi mwanamume na mwanamke". Mchungaji asiyetaka halazimishwi. Makanisa mengi yalihama, na uamuzi huo mimi nisingeupigia kura. Lakini walifungua kitabu, wakabadilisha sentensi mbele ya watu wote. Anayepinga anajua anapinga nini.

Na asije mtu akasema hayo ni ya Wamarekani. Mei 2022 Kanisa la Scotland, lililotuletea vituo vya misheni vya Thogoto na Tumutumu, liliwaruhusu wachungaji wake vilevile, kura 274 kwa 136. Ni kanisa lilelile ambalo wamisionari wake mwaka 1929 walitaka waumini waape kwa kidole gumba kwamba wanakataa tohara ya wasichana. Kirore, wazee wetu waliita. Babu yangu alikataa kuweka kidole, akatoka na nyumba yake yote, na shangazi zangu wakasomea shule ya Karing'a, mojawapo ya shule huru za Wakikuyu waliojitenga na misheni. Kuhusu ukeketaji babu alikosea, na siku hizi nasema hivyo hata mbele ya ndugu zangu. Lakini hakuna aliyewahi kusema kwamba hakuelewa anaambiwa akatae nini.

Yule msichana wa kwaya alirudishwa mezani baada ya mwaka na kitu. Joho hakulichukua tena.

Juzi karani mpya amenipigia simu. Wana kesi ya nidhamu mwezi ujao, na wazee wameshamwambia aandike "utovu wa nidhamu". Nimemwambia aandike jambo lenyewe kwa jina lake, aache nusu ukurasa kwa majibu ya mshtakiwa, na kama wazee hawataki kuliona limeandikwa, awaulize wanakutana kwa ajili gani. Amesema ataniarifu.