Wakala wa ajira amemleta mpishi ambaye tayari tulikuwa na maombi yake: tumlipe wakala?

Mkuu, unauliza kama wakala alipwe kwa mpishi ambaye barua yake ya maombi ilishafika kwenye ofisi yenu ya utumishi hapo Arusha. Soma mkataba kwanza. Mingine inadai ada kwa jina lolote alilotuma. Mkataba ukiwa kimya juu ya hilo, barua hiyo ya mpishi yenye tarehe ya mapema ndiyo utetezi wako.

Safari ijayo wekeni kifungu: mkipokea jina kutoka kwa wakala, mjibuni ndani ya saa 48 kama mlikuwa nalo. Msipojibu, jina hilo linahesabika la wakala kwa miezi 6. Bila rejesta moja ya waombaji mtagombana kila msimu, na anayeumia ni mwombaji.

Wahudumu na madereva tafuteni wenyewe Aprili, wakati wa masika. Wakala mwachieni mpishi mkuu, maana wazuri wako kazini tayari, hawaandiki maombi.