Dodoso la kazi na nyumbani: majibu ya maswali yenu

Mimi ni afisa utumishi, Dodoma. Bosi alitaka tupime kama kazi inawaelemea watu hadi majumbani. Niliwauliza swali moja: "Je, una uwiano mzuri kati ya kazi na maisha yako?" Karibu wote wamesema ndiyo. Tumemaliza?

Hamjaanza. Swali hilo ni ndugu wa "habari za nyumbani?" Mtu atajibu "nzuri" huku mtoto amelazwa. Uliza mambo yanayotokea: ni mara ngapi ameahirisha shughuli ya nyumbani kwa sababu ya kazi? Mara ngapi amechelewa kazini kwa sababu ya nyumbani?

Hapo nimeuliza vitu viwili, na ndipo wengi wanapokosea. Mvutano una pande mbili: kazi kuvuruga nyumbani, na nyumbani kuvuruga kazi. Mwaka 1996 watafiti Netemeyer, Boles na McMurrian walichapisha dodoso fupi ambalo bado linatumika sana: maswali matano kwa kila upande, kila moja likijibiwa kwa alama 1 hadi 7. Usizijumlishe pande hizo ukapata namba moja. Chukua mhasibu anayefunga hesabu za mwezi hadi saa tatu usiku, na mwenzake ambaye dada wa kazi ameondoka ghafla, kila baada ya nusu saa yuko kwenye simu na jirani anayemshikia mtoto. Jumla yao inaweza kulingana kabisa. Wa kwanza anahitaji msaidizi mwisho wa mwezi. Wa pili anahitaji ruhusa ya kuingia kazini baadaye kidogo kwa wiki mbili hizi.

Mimi ni muuguzi, Mwanza. Kwa wiki sizidishi saa 45 za kisheria, lakini nikitoka zamu ya usiku sina hamu hata ya kumsikiliza mwanangu. Dodoso la kazini linauliza saa tu.

Basi, dodoso hilo limekupita pembeni. Greenhaus na Beutell walishaeleza mwaka 1985 kwamba mvutano huu una sura tatu. Kuna wa muda: huwezi kuwa wodini na kwenye kikao cha wazazi kwa wakati mmoja. Kuna wa uchovu na msongo, ambao ndio wako: mwili umefika nyumbani, nguvu zimebaki wodini. Na kuna wa mwenendo, ule wa askari anayewapigia wanawe amri kana kwamba wako gwaride. Huu wa tatu ndio mgumu zaidi kuupima, maana mwenye nao mara nyingi haujui, mkewe anaujua. Dodoso la Carlson, Kacmar na Williams la mwaka 2000 lina maswali 18 na linagusa sura zote tatu kwa pande zote mbili. Pendekeza litumike hilo.

Sina mke wala mtoto. Kila dharura ya jioni napewa mimi, eti "wewe huna familia". Mimi nahesabiwa wapi?

Kwenye madodoso mengi, huhesabiwi popote. Yaliandikwa yakimfikiria mtu mwenye ndoa na watoto. Wewe una mama kijijini, masomo ya jioni, kwaya, vikao vya harusi za rafiki zako ambako ukikosa mara mbili unapigwa faini. Fisher, Bulger na Smith mwaka 2009 walichapisha kipimo kinachouliza kuhusu maisha binafsi badala ya familia. Mwonyeshe afisa utumishi wako. Na dharura za jioni zinapangiwa zamu, haziangukii kwa mtu asiyevaa pete.

Nasoma uzamili, Morogoro. Alfa ya Cronbach, yaani kipimo cha jinsi maswali ya dodoso yanavyoshikamana, imetoka 0.52 na msimamizi wangu anataka 0.70. Nifute maswali yanayoishusha?

Taratibu. Kwanza, umechanganya pande mbili kwenye hesabu moja? Zitenganishe. Pili, tafuta swali lililogeuzwa, mfano "Nikitoka kazini bado nina nguvu ya shughuli zangu." Hapo 7 ni habari njema, kwingine 7 ni habari mbaya. Kama hukugeuza alama, 7 iwe 1 na 6 iwe 2, maswali yako yanapingana yenyewe. Yote yakiwa sawa, kaa na watu wachache, wasome maswali kwa sauti na wakueleze wameelewa nini. Ukifuta kabla ya hapo unatupa ushahidi.

Meneja, Nairobi: Nataka waandike majina ili niwasaidie walioelemewa.

Usithubutu. Ukiweka nafasi ya jina, kila mtu atakuwa sawa bin sawa. Hata bila majina, idara yenye watu watatu usiitolee matokeo yake peke yake. Watajulikana kabla ya chai ya saa nne. Na utakapopima tena, tumia maswali yaleyale, kipindi kilekile: wiki ya kufunga hesabu haifananishwi na wiki ya kawaida.